Gia boksi inalia? Sikiliza kwanza, lipa baadaye!

Gari lako la gia likianza kelele, kuna mafundi watakwambia fasta: "Boksi limekufa, nunua jingine." Subiri bwana, usitoe pesa.

Simamisha gari, vuta hendibreki, toa gia, acha injini iungurume. Inalia ukiachia klachi, ukikanyaga inanyamaza? Shuku beringi ya shafti inayoingia kwenye boksi. Inaanza pale unapokanyaga? Hiyo mara nyingi ni beringi ya klachi. Boksi litashushwa ili kuifikia, lakini lenyewe halina kosa.

Inakwaruza gia moja tu ukiingiza, tuseme ya pili? Huenda ringi yake imelika. Inalia gia zote? Cheki oili kwanza, pengine sili inavuja. Na ule mlio wa ka-ka-ka ukikata kona ni jointi ya ekseli ya mbele, wala siyo boksi.

Ila usipuuzie. Beringi ikisagika, chembe za chuma huingia kwenye oili na kula gia nyingine. Hapo ndipo boksi litakufa kweli.

Mimi nikifika gereji namwambia fundi inalia lini. Akijua umesikiliza, hakuuzii boksi kirahisi!