Muuguzi Anayekuhudumia: Uzito wa Kazi Yake na Haki Zako

Mgonjwa aliyelazwa humwona daktari kwa dakika chache kila siku. Saa zote zilizobaki, mchana na usiku, yumo mikononi mwa muuguzi. Muuguzi ndiye hupima joto na shinikizo la damu, hutoa dawa kwa wakati wake, husafisha kidonda na, mara nyingi, huwa wa kwanza kutambua kwamba hali ya mgonjwa imebadilika. Kwa sababu hiyo, mzigo unaomwelemea muuguzi hatimaye humfikia mgonjwa. Sura hii inakueleza changamoto kuu za taaluma ya uuguzi, na kukusaidia kutofautisha upungufu unaotokana na mazingira ya kazi na kosa ambalo hupaswi kulinyamazia.

Uhaba na athari zake

Kwa mujibu wa taarifa ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa mwaka 2025, dunia ilikuwa na wauguzi milioni 29.8 mwaka 2023, na upungufu wa wauguzi milioni 5.8. Wauguzi hao hawakugawanyika kwa usawa: asilimia 78 wako katika nchi zenye asilimia 49 tu ya watu wote duniani.

Hapa Tanzania uhaba una sura mbili. Wodi nyingi zina wauguzi wachache, ilhali wapo vijana waliohitimu na kupata leseni ambao wangali wanasubiri ajira, kwa kuwa nafasi hutegemea bajeti na vibali. Katika baadhi ya zahanati za vijijini, muuguzi mmoja huchanja watoto, hupima wajawazito, huzalisha na kujaza rejesta za kituo, yote katika siku moja.

Athari zake zimepimwa. Utafiti wa Linda Aiken na wenzake, uliochapishwa mwaka 2002, ulichunguza wagonjwa wa upasuaji katika hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, Marekani. Ulionyesha kwamba kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30. Idadi ya wauguzi wodini, basi, ni suala la uhai.

Hatari zinazomkabili muuguzi

Sindano iliyotumika ikimchoma, muuguzi anaweza kuambukizwa VVU au homa ya ini. Dawa za kinga dhidi ya VVU hupaswa kuanzwa mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita. Kuinua na kugeuza wagonjwa humletea maumivu ya mgongo, na zamu za usiku humnyima usingizi. Aidha, wapo ndugu wa wagonjwa wanaomtukana au hata kumpiga kwa hasira ya kucheleweshewa huduma, ingawa si yeye aliyepanga idadi ya watumishi.

Mambo yaliyowekwa kwa usalama wako

Baadhi ya mambo yanayowaudhi wateja ni kinga kwao:

1. Aliyefika baada yako anaweza kuhudumiwa kwanza. Wagonjwa wa dharura hupangwa kwa uzito wa hali zao, si kwa foleni.
2. Muuguzi atakuuliza jina lako tena na tena. Anahakikisha kwamba dawa ni sahihi, kwa mgonjwa sahihi, kwa kipimo, njia na wakati sahihi.
3. Anapoandaa dawa, usimkatize kwa jambo linaloweza kusubiri. Kukatizwa huweza kuzaa makosa.
4. Muda anaotumia kuandika si muda uliopotea. Muuguzi wa zamu inayofuata ataitegemea kumbukumbu hiyo.

Hata hivyo, usione haya kumwita mara moja, hata akiwa na kazi nyingi, iwapo mgonjwa anashindwa kupumua, anatokwa na damu nyingi, ana degedege au anapoteza fahamu.

Mambo ambayo uhaba hauyahalalishi

Uchache wa wauguzi unaweza kueleza kwa nini umesubiri. Hauwezi kuhalalisha matusi, kumpiga mama anayejifungua, kudai rushwa, kutoa siri za mgonjwa, wala kumfanyia mgonjwa mwenye fahamu zake jambo lolote bila kumweleza na kupata ridhaa yake. Una haki pia ya kujua jina la anayekuhudumia. Kwa mujibu wa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, inayotumika Tanzania Bara, muuguzi hapaswi kufanya kazi bila kutambuliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga na kuwa na leseni.

Ukiwa na malalamiko

Anza kwa kumweleza kiongozi wa wodi. Usiporidhika, mwone Muuguzi Mfawidhi au Mganga Mfawidhi wa kituo. Kosa la kitaaluma waweza kulifikisha kwa Baraza. Ukidaiwa rushwa, toa taarifa TAKUKURU kwa simu ya bure namba 113.

Andika tarehe, saa, wodi, jina la mhusika kama unalijua, na kile ulichokiona au kukisikia mwenyewe. Eleza pia mazingira: kulikuwa na wauguzi wangapi, na wagonjwa takriban wangapi? Ukikuta muuguzi mmoja akihudumia wodi nzima iliyojaa, usimlalamikie yeye. Ulalamikie upungufu huo, na uufikishe kwenye kamati ya usimamizi wa kituo au kwa diwani wako. Lalamiko la namna hii humpa kiongozi hoja ya kuomba watumishi zaidi, na huepusha kumwadhibu mtu kwa kosa lisilo lake.

Vilevile, ukihudumiwa vizuri, andika hivyo kwenye karatasi na kuitia katika sanduku la maoni. Uongozi unahitaji kujua kinachokwenda vizuri sawa na unavyohitaji kujua kilichoharibika.