Jikoni Ndiko Kustaafu Kunakoanzia: Jinsi ya Kula Vizuri kwa Gharama Ndogo na Kuweka Akiba ya Uzeeni

Mfanyakazi wa umma nchini Kenya hustaafu akifikisha umri wa miaka 60, na mwenye ulemavu miaka 65. Tarehe hiyo hujulikana tangu siku ya kuajiriwa, lakini nyumba nyingi huanza kujiandaa barua ya kustaafu ikishafika. Kwa mkulima wa Kathonzweni, muuza matunda wa Emali au mhudumu wa bodaboda mjini Wote, barua yenyewe haiji kamwe. Nguvu hupungua polepole, na mapato hupungua nazo.

Karo huisha watoto wakimaliza shule. Mkopo nao huisha ukilipwa. Chakula ndicho gharama isiyostaafu, na pia ndicho gharama ambayo familia inaweza kuibadilisha wiki hii bila kuomba ruhusa ya mtu. Makala haya yanaeleza jinsi ya kupunguza gharama ya jikoni bila kupunguza lishe, na mahali pa kupeleka kile kinachobaki ili kisaidie uzeeni.

Mapato hupungua kwa kiasi gani

Wengi hutazama jumla ya mshahara na kudhani pensheni itakuwa karibu na hapo. Sivyo. Mafao ya kustaafu hukokotolewa au kuchangiwa kutokana na mshahara wa msingi. Marupurupu ya nyumba na ya usafiri hayamo. Tuchukue mfano wa mfanyakazi mwenye mshahara wa msingi wa Sh30,000 na marupurupu ya Sh12,000. Siku anapostaafu, zile Sh12,000 huondoka zote, hata kabla ya kuuliza pensheni itakuwa kiasi gani. Hiyo ni zaidi ya robo ya pesa ambazo nyumba ilizoea.

Watumishi wa serikali kuu, walimu na polisi waliojiunga na mpango mpya wa pensheni ulioanza Januari 2021 huchangia asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi, na serikali huongeza asilimia 15. Katika mpango wa aina hii, anachopata mtu kinategemea kiasi kilichowekwa na faida iliyopatikana. Kwa kawaida mstaafu huruhusiwa kuchukua hadi theluthi moja kwa mkupuo, na sehemu inayobaki humlipa kidogo kidogo kila mwezi.

Asiye na mwajiri ana pengo kubwa zaidi. Mpango wa Inua Jamii huwapa wazee wa miaka 70 na zaidi walioandikishwa Sh2,000 kwa mwezi. Hizo ni kama Sh66 kwa siku. Zinasaidia, lakini haziwezi kubeba nyumba. Isitoshe, anayechoka akiwa na miaka 60 ana miaka kumi ya kusubiri kabla ya kufikia umri huo.

Zoezi la mwezi mmoja

Njia rahisi ya kujua kama nyumba iko tayari ni kuishi mwezi mmoja kwa kiasi inachotarajia kupata baada ya kustaafu. Pesa zinazozidi huwekwa kando na haziguswi. Zoezi hili linafaa lifanywe miaka mingi kabla ya kustaafu, si mwaka wa mwisho.

Kwanza, andika kila kitu kinacholiwa na bei yake kwa siku saba: unga, mboga, mafuta, sukari, maziwa, makaa au gesi, na pia chai na mandazi yanayonunuliwa kazini. Mara nyingi pesa nyingi haziishii kwenye ugali na mboga. Huishia kwenye vitu vinavyonunuliwa kwa vipimo vidogo kila jioni: mafuta ya kupima, sukari ya robo, unga wa pakiti moja, makaa ya mkebe. Anayenunua hivyo kila siku hulipa zaidi kwa kilo kuliko anayenunua kwa wingi, ingawa hahisi.

Kununua wakati wa mavuno

Makueni ina bahati ya kuwa na ndengu, kunde, mbaazi na mtama, mazao yanayostahimili ukame. Mvua ya vuli, kati ya Oktoba na Desemba, ndiyo inayotegemewa zaidi Ukambani, na ndengu zake huvunwa kuanzia mwanzo wa mwaka. Mbaazi hukauka shambani katikati ya mwaka. Bei hushuka wakati huo na kupanda tena miezi michache baadaye. Familia inayoweza kununua magorogoro kadhaa wakati wa mavuno, au inayokataa kuuza mazao yake yote kwa dalali siku ya kwanza, huwa imepunguza gharama ya miezi inayofuata.

Wasioweza kununua gunia peke yao wanaweza kuungana. Vyama vingi vya akina mama tayari huchangishana kila wiki. Chama cha watu kumi kinaweza kununua gunia la mahindi na la maharagwe, kisha kila mmoja akapata fungu lake.

Hata hivyo, nafaka iliyohifadhiwa vibaya ni hatari. Mwaka 2004, zaidi ya watu 120 walifariki katika eneo la mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu hiyo hutokana na ukungu unaoota kwenye nafaka yenye unyevu, na kupika hakuiondoi. Kwa hiyo:

– Anika mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu.
– Pima ukavu kwa chumvi. Weka mahindi na chumvi kavu kidogo ndani ya chupa kavu ya kioo, funga, tikisa kwa dakika chache na uiache itulie. Chumvi ikigandama kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu mwingi na yarudishwe juani.
– Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta. Magunia yasiyopitisha hewa huzuia pia wadudu.
– Mahindi yaliyobadilika rangi au yenye ukungu yasiliwe, yasisagwe, wala wasipewe kuku au ng'ombe.

Kupika bila kumaliza makaa

Maharagwe ni rahisi kununua lakini ghali kuyaivisha. Kuyaloweka usiku kucha hupunguza sana muda wa kupika. Asubuhi, mwaga maji hayo na uweke mengine. Maharagwe mekundu yachemke kwa nguvu kwa angalau dakika kumi, kwa sababu yakiwa hayajaiva vizuri huumiza tumbo.

Njia nyingine ni jiko la kikapu. Chukua kikapu kikubwa, kizungushie ndani blanketi kuukuu au nguo nzito, na utengeneze mto wa kukifunika juu. Maharagwe au githeri iliyolowekwa huchemshwa kwa nusu saa, kisha sufuria hufunikwa vizuri na kuingizwa kikapuni ikiwa bado inatokota. Baada ya saa tatu au nne huwa imeiva au imekaribia. Ichemshe tena kidogo kabla ya kula. Moto wa nusu saa hufanya kazi ya moto wa saa kadhaa, na hakuna anayelazimika kukaa jikoni akiongeza kuni.

Githeri iliyochemshwa inaweza kugawanywa: nusu ikaangwe leo na nusu kesho. Bila jokofu isikae zaidi ya siku moja, hasa sehemu zenye joto kama Kibwezi na Makindu, na ipashwe moto hadi itokote.

Mfano wa chakula cha jioni kwa wiki

– Jumatatu: ugali na majani ya kunde, pamoja na nyanya na kitunguu.
– Jumanne: githeri, au isyo kama inavyoitwa Ukambani, pamoja na kabichi.
– Jumatano: ugali, omena na sukuma wiki.
– Alhamisi: muthokoi na mbaazi.
– Ijumaa: ndengu na chapati. Wasiotaka gharama ya mafuta wapike wali.
– Jumamosi: ugali wa mtama, managu au terere, na yai.
– Jumapili: nyama au kuku, akipatikana.

Nyama ikiwa mara moja kwa wiki, lishe haiharibiki mradi kunde ziwepo. Mahindi peke yake hayana protini kamili, lakini yakiliwa na maharagwe, ndengu au mbaazi, hukamilishana. Asubuhi, uji wa wimbi na viazi vitamu au nduma hushibisha kuliko chai na mkate, na mara nyingi hugharimu kidogo.

Mwili wa miaka sitini

Kubana matumizi si kujinyima. Mzee anahitaji protini ya kutosha ili misuli isidhoofike, ingawa hamu ya kula hupungua. Maziwa, mayai, omena na maharagwe yaliyopondwa humfaa hata asiye na meno mengi. Madini ya chuma yaliyomo kwenye maharagwe na mboga huingia mwilini vizuri zaidi yakiliwa pamoja na matunda kama chungwa au embe, ambayo Makueni inayo kwa wingi katika msimu wake. Chai inyweke saa moja au zaidi baada ya chakula, kwa kuwa huzuia madini hayo. Chumvi, viungo vya pakiti na mafuta mengi vipunguzwe. Hivyo huongeza hatari ya shinikizo la damu, na dawa za kila mwezi hula akiba haraka kuliko nyama.

Tofauti ipelekwe wapi

Familia inayopunguza Sh50 kwa siku huweka kando Sh18,250 kwa mwaka. Kwa miaka 20 hizo ni Sh365,000 bila faida yoyote. Kama zingewekwa kwenye mfuko unaopata asilimia 8 kwa mwaka, zingefika takriban Sh835,000. Kiwango hicho ni mfano tu, na bei za bidhaa nazo zitakuwa zimepanda. Lakini pesa zilizobaki kwenye mfuko wa suruali au kwenye simu huwa hazifiki hata mwisho wa mwezi. Zinafaa ziondoke siku ileile zilipookolewa.

– Aliyeajiriwa: hakikisha mwajiri anapeleka mchango wa NSSF. Mfanyakazi hukatwa asilimia 6 ya mapato yanayohesabiwa, na mwajiri huongeza asilimia 6. Omba taarifa ya akaunti kila mwaka. Ni rahisi kufuatilia pengo la mwaka jana kuliko la miaka 15 iliyopita.
– Aliyejiajiri: NSSF ina mpango wa Haba Haba, ambapo mtu anaweza kuchangia Sh25 kwa siku. Pia kuna Mbao Pension Plan, ulioanzishwa 2011 kwa wafanyakazi wa jua kali kwa mchango wa Sh20 kwa siku.
– Afya: asiye na mwajiri huchangia SHA asilimia 2.75 ya mapato ya nyumba yanavyokadiriwa, na kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi. Anayestaafu ahakikishe mchango wake haukatiki.

Kabla ya kutoa pesa kwa mpango wowote wa pensheni, uliza kama umesajiliwa na Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu (RBA). Anayeahidi kuzidisha pesa za mstaafu kwa wiki chache akwepwe, hata akiwa jirani au muumini mwenzako.

Mambo ya kufanya mwezi huu

1. Andika matumizi ya jikoni kwa siku saba.
2. Chagua vitu viwili vinavyonunuliwa kwa vipimo vidogo na uvinunue kwa wingi.
3. Amua kiasi cha kuweka akiba kila siku, hata kama ni Sh20, na ukitume siku hiyohiyo.
4. Kagua jina, nambari ya kitambulisho na warithi katika kumbukumbu za NSSF na za mpango wa pensheni. Herufi moja iliyokosewa inaweza kuchelewesha malipo.
5. Zungumza na mwenzi wako na watoto wakubwa kuhusu tarehe ya kustaafu na kiasi kinachotarajiwa. Nyumba isiyojua huendelea kuagiza kama zamani.

Usajili na taarifa za michango hupatikana katika ofisi za NSSF na katika Huduma Centre. Mkaazi aende na kitambulisho cha kitaifa na nambari ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake.