Umekaa Marekani miaka minne, mbona bado unatozwa ada ya mgeni?

Chukua mfano wa vijana wawili kutoka Nairobi, wanasoma chuo kimoja cha umma Marekani. Wa kwanza yuko huko mwaka wa nne kwa viza ya mwanafunzi. Wa pili alifika miezi 14 iliyopita na wazazi wake, walioshinda bahati nasibu ya grinikadi.

Darasa moja, mwalimu mmoja. Lakini yule aliyefika juzi ndiye analipa ada ya mwenyeji. Mwenzake wa miaka minne bado analipa kama mtu wa nje.

Na tofauti yenyewe si ndogo. Katika vyuo vya University of California, mwanafunzi asiye mwenyeji aliyeanza mwaka wa masomo 2024/25 aliongezewa dola 34,200 juu ya ada ya kawaida. Kwa walioanza 2025/26 nyongeza hiyo ikapanda hadi dola 37,602. Hapo chakula na chumba bado.

Kwanini? Vyuo vya umma huendeshwa kwa sehemu na kodi za jimbo, hivyo jimbo huwapunguzia ada watu wake. Mwenyeji ni yule aliyelifanya jimbo kuwa maskani yake na anakusudia kubaki. Majimbo mengi yanataka awe amekaa miezi 12 kabla ya muhula kuanza. California inataka mwaka mmoja na siku moja.

Hilo neno "kukusudia" ndilo linalowaumiza wengi.

Viza ya mwanafunzi ya F-1 hutolewa kwa mtu anayesema ana makazi kwao na hana nia ya kuyaacha. Sasa huwezi kumwambia ofisa wa ubalozi kwamba utarudi nyumbani, halafu ukaiambia ofisi ya udahili kwamba umehamia. Ndiyo maana kwa kawaida mkataba wa nyumba, leseni ya udereva na hata kodi unayokatwa havikusaidii. Miaka inapita, wewe bado wa nje.

Viza nyingine hazina sharti hilo. Mwenye H-1B, ile ya kazi za kitaalamu, anaruhusiwa kisheria kuwa na nia ya kubaki, kwa hiyo majimbo mengi humhesabu yeye na watoto wake kama wenyeji wakitimiza muda. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya Marekani iliizuia Maryland kuwanyima ada nafuu watoto wa wafanyakazi wa mashirika ya kimataifa wenye viza ya G-4, kwa sababu sheria ya shirikisho haikuwazuia kuweka maskani nchini humo.

Wenye grinikadi, wakimbizi na waliopewa hifadhi wako pazuri zaidi. Kwa jumla wanapimwa kama raia: onyesha umekaa muda unaotakiwa, basi. Kwa kijana anayetegemea wazazi, kinachoangaliwa mara nyingi ni makazi ya wazazi.

Ila kuna mtego. Familia ya Kikongo iliyotoka kambi ya Nyarugusu ikapokelewa Kentucky, kisha ikahamia Ohio kufuata ndugu, saa yake inaweza kuanza upya. Miezi ya Kentucky haihesabiwi Ohio. Kama mtoto yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, kuhama huko kunaweza kuwagharimu maelfu ya dola.

Wasio na kibali ndio mambo yao yanageuka kila siku. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1996 inakataza jimbo kuwapa nafuu kwa kigezo cha makazi, isipokuwa raia yeyote wa Marekani naye aipate bila kuulizwa anaishi wapi. Majimbo yakatafuta njia: badala ya makazi, yakaangalia kama mtu alisoma sekondari hapo. Texas ilitangulia mwaka 2001, California ikafuata mwaka huohuo.

Juni 4, 2025 Wizara ya Sheria iliishtaki Texas kuhusu sheria hiyo. Jimbo likakubali siku hiyohiyo na jaji akaizuia. Waliokuwa katikati ya masomo wakajikuta wanaangalia ada mpya. Florida nayo ilifuta nafuu yake kuanzia Julai 1, 2025.

Na ukipata grinikadi ukiwa tayari chuoni? Ada haibadiliki yenyewe. Unapeleka ombi la kutambuliwa kama mwenyeji, pamoja na kadi, ritani za kodi na mkataba wa nyumba, kabla ya tarehe ya mwisho ya muhula. Ukichelewa, kwa kawaida unasubiri muhula unaofuata, na ulicholipa zamani hakirudishwi.