Uongozi wa Anga za Juu na Usalama wa Taifa

Roketi iliyoirusha Sputnik tarehe 4 Oktoba 1957 ilikuwa kombora. Umoja wa Kisovieti uliiunda R-7 ili ibebe bomu la nyuklia hadi Marekani, na Agosti ya mwaka huohuo ilikuwa imefaulu jaribio la masafa marefu. Setilaiti yenyewe ilikuwa tufe la kilo 83 lisilo na silaha wala kamera, likitoa mlio wa redio tu. Lakini wakuu wa jeshi mjini Washington hawakuhitaji kufafanuliwa: anayeweza kuweka mzigo kwenye mzunguko wa dunia anaweza pia kuudondosha juu ya mji wowote.

Marekani ilijibu kwa njia mbili. Ya hadharani ilikuwa NASA, shirika la kiraia lililoanza kazi Oktoba 1958 na kumfikisha Neil Armstrong mwezini Julai 1969. Ya siri ilikuwa Corona, mpango wa setilaiti za upelelezi uliofichwa chini ya jina la Discoverer na kutangazwa kuwa ni wa kisayansi. Dunia inaikumbuka safari ya mwezini, ila kwa usalama wa nchi Corona ndiyo iliyokuwa na uzito zaidi.

Hadi wakati huo Marekani ilitegemea ndege za U-2 kupiga picha ndani ya ardhi ya Kisovieti. Tarehe 1 Mei 1960 moja ilitunguliwa na rubani wake, Francis Gary Powers, akakamatwa. Agosti ya mwaka huo, baada ya majaribio mengi kushindwa, Corona ikaifanya kazi hiyo bila rubani. Picha zilipigwa kwa filamu. Filamu ilifungwa ndani ya kasha, kasha likaachiwa lishuke kwa parachuti, na ndege ya jeshi ikalidaka hewani juu ya Bahari ya Pasifiki, karibu na Hawaii. Safari hiyo moja ilipiga picha eneo kubwa zaidi la Umoja wa Kisovieti kuliko safari zote za U-2 zilizotangulia.

Matokeo yake yalionekana upesi. Katika kampeni ya urais ya 1960, John F. Kennedy alidai kwamba Marekani imeachwa nyuma kwa makombora. Septemba 1961 idara za ujasusi, zikiwa na picha mkononi, zilikadiria kwamba Wasovieti walikuwa na makombora kati ya 10 na 25 tu yenye uwezo wa kuvuka mabara. Aliyekuwa nyuma ni mpinzani. Na mwaka 1972, mataifa hayo yalipotia saini mkataba wa kwanza wa kupunguza kasi ya mashindano ya silaha, yalikubaliana kwamba kila upande utamkagua mwenzake kwa vyombo vyake wenyewe, na mwenzake asivizuie. Setilaiti za upelelezi zikapata ulinzi wa kisheria kutoka kwa walewale waliokuwa wakichunguzwa. Pasipo macho hayo, ni vigumu kuona nani angeuamini mkataba huo.

Baada ya picha ikaja dira. Mfumo wa GPS ulianzishwa na jeshi la Marekani mwaka 1973 kwa ajili ya meli, ndege na silaha zake. Septemba 1983 ndege ya abiria ya Korea Kusini ilipotea njia, ikaingia anga ya Kisovieti na kutunguliwa; watu 269 walikufa. Rais Ronald Reagan aliahidi kwamba raia wa nchi zote watautumia mfumo huo bure. Leo unamwongoza dereva wa teksi na kulinganisha saa za benki na mitandao ya simu, lakini wenye kuuendesha bado ni wanajeshi. Mataifa mengine makubwa hayakuridhika na ukarimu huo: Urusi ina GLONASS, Ulaya ina Galileo, na China iliukamilisha mfumo wake wa BeiDou mwaka 2020.

Uongozi wa aina hii hupotea pia. Marekani ilipostaafisha vyombo vyake vya kubeba wanaanga Julai 2011, ililazimika kununua viti kwenye Soyuz za Urusi hadi 2020. Hiyo ilikuwa fedheha tu. Hatari ilikuwa kwenye roketi ya Atlas V, iliyobeba setilaiti za kijeshi za Marekani kwa injini iliyotengenezwa Urusi. Bunge la Marekani lilianza kuzuia ununuzi wa injini hizo baada ya Urusi kuitwaa Krimea mwaka 2014.

Aliye mbele, kwa upande mwingine, ndiye mwenye vingi vya kupoteza. Januari 2007 China iliipiga kwa kombora setilaiti yake kuukuu ya hali ya hewa, na vipande zaidi ya 3,000 vikatapakaa angani. India ilifanya jaribio kama hilo Machi 2019. Urusi ilipofanya la kwake Novemba 2021, wanaanga wa kituo cha kimataifa, Warusi wakiwemo, walilazimika kujificha ndani ya vyombo vyao vya kurudia duniani. Mkataba wa anga za juu wa 1967 unakataza kuweka silaha za nyuklia kwenye mzunguko wa dunia, lakini hausemi lolote kuhusu makombora ya kawaida yanayorushwa kutoka ardhini. Marekani iliunda jeshi lake la anga za juu Desemba 2019.

Afrika Mashariki haikuwa mbali na habari hii. Karibu na Malindi, ambako kujizungusha kwa dunia karibu na ikweta huisaidia roketi kupata kasi, Waitalia walijenga jukwaa la kurushia baharini. Hapo ndipo setilaiti ya NASA iitwayo Uhuru iliporushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilikuwa ikisherehekea uhuru wake. Kenya yenyewe haikuwa na roketi wakati huo, na haina hadi sasa. Taifa-1, setilaiti yake ya kwanza ya kuchunguza ardhi, ilirushwa kutoka California kwa roketi ya SpaceX tarehe 15 Aprili 2023.