Saa ya Jua na Saa ya Kiingereza Mpakani Dabani

Mtoto wa Dabani, katika wilaya ya Busia ya Uganda, si mbali na mpaka wa Kenya, aghalabu huingia darasani akiwa na lugha mbili au tatu kinywani: Kisamia au Kigwe cha nyumbani, Kiganda cha sokoni, na Kiswahili cha madereva wa malori, wabadilisha fedha na wachuuzi wavukao mpaka kutwa kucha, na akiwa na jamaa upande wa Tororo, hukosi kumsikia akitia na Kiteso au Dhopadhola. Kiingereza humjia nyuma ya hizo zote, nazo zimekwisha kumgawia mchana na usiku, jana na kesho, mwanzo na mwisho. Kwa hiyo makosa mengi ayafanyayo anapotaja wakati kwa Kiingereza, ambayo walimu huyapigia mstari mwekundu na kuyaita uzembe, si uzembe hata kidogo: ni hesabu sahihi iliyoanzia mahali pengine.

Tutazame saa kwanza. Katika Kiswahili, kama katika Kiganda na lugha nyingi za jirani, saa ya kwanza ya mchana huandamana na mapambazuko, na saa ya kwanza ya usiku huandamana na machweo. Ilhali Mwingereza huanza hesabu yake usiku wa manane, wakati ambapo hakuna kiumbe, isipokuwa mlinzi na bundi, awezaye kushuhudia kwamba kitu chochote kimeanza. Mwanafunzi atakaye kusema kwamba shule yao hufunguliwa saa mbili huandika “two o’clock”, na asomaye maneno hayo akiwa London hustaajabia shule ambayo watoto huingia alasiri. Tarakimu zikiandikwa peke yake ndipo hatari huzidi, maana kadi ya zahanati iliyoandikwa 2:00 haisemi ni ya hesabu ipi, na mgonjwa aliyeisoma kwa hesabu ya kwao huwahi asubuhi, akakaa benchini mpaka adhuhuri ikampita, akidhani amesahauliwa. Na uso wa saa wenyewe una dawa ambayo sijui kwa nini haifundishwi zaidi: tarakimu ya Kiswahili hukaa daima mkabala na ile ya Kiingereza, mbili mkabala na nane, tano mkabala na kumi na moja, hata mtu aliyezoea kutazama upande wa pili wa duara hana haja ya kujumlisha sita wala kuitoa.

Asifikiri mtu, hata hivyo, kwamba saa yetu hulifuata jua kwa uaminifu. Saa za Afrika Mashariki zimewekwa kwa kipimo cha longitudo ya 45, ambayo hupita karibu na Mogadishu, na Busia iko kwenye ile ya 34. Kwa sababu hiyo jua la huko huchelewa dakika 44 nyuma ya kipimo, na saa kumi na mbili kamili ya asubuhi, ambayo kwa kaida ingekuwa ndiyo mwisho wa usiku, huwakuta watu wa Dabani bado gizani.

Upande mmoja, lakini, mtoto huyu amemzidi Mwingereza. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 20, mna habari ya vibarua wa shamba la mizabibu waliochukuliwa kazini saa kumi na moja, wakalipwa sawa na walioanza alfajiri. Kwa kuwa Wayahudi wa zama zile nao walihesabu saa za mchana tangu kuchomoza kwa jua, msomaji wa Kiswahili hafasiriwi neno: ajua kwamba ni jioni, na jua limebakiza saa moja tu. Waingereza wameitwaa “the eleventh hour” wakaifanya msemo wa dakika za mwisho, na si shida kumpata miongoni mwao adhaniaye kwamba maana yake ni saa moja kabla ya usiku wa manane.

Siku nayo ina mlango wake. Kwa desturi ya Kiislamu, iliyotia mizizi katika Kiswahili cha pwani, siku hufunguliwa na magharibi, hata usiku wa Ijumaa ukawa ndio usiku ambao Mwingereza huuhesabu kuwa wa Alhamisi. Na waandishi wa habari, kwa kuepuka utata, hutuambia kwamba duka limevunjwa usiku wa kuamkia Jumanne. Mfasiri mwenye haraka huandika “Tuesday night”, na kwa maneno mawili amemhamisha mwizi siku nzima. Jambo hilo gazetini ni aibu ndogo, lakini katika ushahidi wa mahakamani laweza kumtia mtu kifungoni au kumtoa. Makosa ya “yesterday night” na “today morning”, yatokanayo na jana usiku na leo asubuhi, ni mepesi mbele ya hilo, maana maneno yake hueleweka hata yakimchekesha mwenye lugha.

Juma ndilo lenye mtego wa mpakani hasa. Kiswahili huhesabu siku tangu baada ya Ijumaa, Jumamosi ikiwa ya kwanza na Jumatatu ya tatu. Kiganda huhesabu kwa namna yake, na siku yake ya tatu, Lwakusatu, ni ile tuiitayo Jumatano. Mchuuzi aliyeahidiana na mwenzake wa ng’ambo siku yenye jina la tatu ana siku mbili za kupotea kabla hata Kiingereza hakijaingia, na majina ya Kiingereza, yasiyo na hesabu ndani yake, hayampi pa kujishikia.

Kisha kuna vitenzi. Sisi twasema nimefika jana bila kosa, kwa kuwa aliyefika bado yupo. Mwingereza haruhusu “I have come yesterday”, kwani kwake jana huifunga habari. Twasema naishi Dabani kwa miaka kumi sasa, kwa kitenzi cha wakati uliopo, naye hutaka “I have lived”. Tena hukataa “since ten years”, kwa sababu “since” kwake hutaka penye kuanzia, wala si urefu wa muda. Twasema nitakapokuja nitakuambia, kwa adabu ya kutia wakati ujao pande zote mbili, naye huutaka mara moja tu, akaifuta “when I will come” kwa kalamu nyekundu. Mimi naona hapo Kiswahili ndicho chenye mantiki, lakini mtihani si wa mantiki. Na mwenyeji anyanyukaye mezani akasema “I am coming”, kwa maana ya nakuja sasa hivi, humwacha mgeni wa Ulaya akitazama mgongo wake uendao mlangoni.

Nchini Kenya, ambako Kiswahili kimekuwa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi tangu 1985, mtoto wa Busia ya upande huo huhesabu saa kwa njia zote mbili na kusahihishwa kwa zote mbili. Nchini Uganda, mtaala ulioanza 2007 huwafundisha watoto wa madarasa matatu ya kwanza kwa lugha ya mahali pao, kisha huwavusha kwenye Kiingereza katika darasa la nne. Na kuvuka huko, pamoja na saa, siku na nyakati zote za vitenzi, kumepewa mwaka mmoja.