Akili, Uzazi na Thamani ya Mtu kwenye Mwambao wa Kaskazini wa Tanganyika

Uvira, mji uliobanwa kati ya milima ya Mitumba na maji ya Ziwa Tanganyika, umo katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi ambayo uchunguzi wake wa kitaifa wa afya wa mwaka 2013–2014 ulionyesha kwamba mwanamke huzaa, kwa wastani, watoto 6.6 katika umri wake wote wa uzazi. Tarakimu hiyo husomwa kwa namna mbili. Daktari na mkunga huisoma wakiulizia afya ya mama, nafasi kati ya mimba na mimba, na chakula cha mtoto anayeachishwa ziwa kabla ya wakati kwa sababu mdogo wake amekuja. Lakini kwa zaidi ya karne moja wamekuwako pia watu wanaouliza jambo jingine: wanaozaa sana ni wenye akili au wasio nazo, na je, wingi wa hao wa pili hautashusha akili ya wanadamu wote? Swali hilo, hata likivikwa joho la sayansi, limejengwa juu ya makosa mawili, moja la elimu na jingine la imani.

Chanzo chake ni Uingereza, ambako Francis Galton, binamu wa Charles Darwin, alibuni mwaka 1883 jina la eujenia, yaani nadharia ya kuboresha kizazi cha binadamu kwa kuwahimiza wanaodhaniwa kuwa bora wazae zaidi na kuwazuia wanaodhaniwa kuwa duni. Nadharia hiyo haikukawia kufika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1933 kiliundwa nchini Kenya chama cha kuchunguza uboreshaji wa mbari, ambamo daktari H. L. Gordon, akitegemea vipimo vya bongo za maiti vilivyofanywa na mwenzake F. W. Vint, alidai kwamba ubongo wa Mwafrika una upungufu wa kuzaliwa nao. Katika Kongo ya Wabelgiji upimaji wa watu ulikuwa na sura nyingine: kuanzia mwaka 1948 Mkongomani aliyesoma aliweza kuomba kadi ya kuthibitisha ustaarabu wake, na kuanzia 1952 hati ya juu zaidi, ambayo ili aipate ilimbidi awafungulie wakaguzi mlango waone jinsi familia yake inavyoishi.

Kosa la elimu lilifichuka, pamoja na kwingineko, karibu sana na Uvira. Taasisi ya utafiti wa kisayansi iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1947, yenye makao Lwiro karibu na Bukavu na kituo cha utafiti wa ziwa hapo Uvira, ilihusika katika miaka ya 1960 na uchunguzi wa rovu, yaani uvimbe wa shingo, katika kisiwa cha Idjwi ndani ya Ziwa Kivu. Ilionekana kwamba ugonjwa ulitokana na uhaba wa madini ya iodini, na kwamba muhogo usioondolewa sumu vizuri ulizidisha madhara, kwa kuwa sumu hiyo huuzuia mwili kuitumia hata iodini kidogo iliyopo. Mama mwenye upungufu mkubwa wa iodini anaweza kuzaa mtoto aliyedumaa akili na mwili, pengine kiziwi, si kwa sababu ya ukoo wake, bali kwa kukosa kitu kinachotiwa kwenye chumvi kwa gharama ndogo.

Ushahidi wa pili unatoka Kenya ile ile ya akina Gordon. Watafiti waliowapima watoto wa vijijini Embu mwaka 1984, kisha wengine wa umri ule ule mwaka 1998, walikuta matokeo ya majaribio ya akili yamepanda sana. Kizazi kimoja hakitoshi kubadilisha urithi wa damu. Kilichokuwa kimebadilika ni lishe, afya, elimu ya wazazi na ukubwa wa familia.

Kosa la imani ni la ndani zaidi, kwa maana hata kama vipimo vyote vingekuwa sahihi, bado lingebaki swali la nani aliyesema kwamba thamani ya mtu hulingana na akili yake. Kitabu cha Mwanzo kinamweka mwanadamu katika mfano wa Mungu kabla ya kumpa baraka ya kuzaa na kuongezeka. Ni kweli kwamba wanateolojia wengi wameuona mfano huo hasa katika uwezo wa kufikiri, na fundisho hilo lingeweza kumtupa nje mtu aliyezaliwa na ulemavu wa akili. Lakini Augustino alisisitiza kwamba kila aliyezaliwa na binadamu ni wa uzao wa Adamu, hata umbo lake likishangaza namna gani, na Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba mfano wa Mungu hubaki hata kwa asiyeweza kutumia akili, na kwamba mtu huyo hanyimwi ubatizo.

Mafundisho hayo yalijaribiwa katika karne ya 20. Tarehe 31 Desemba 1930 Papa Pius XI, katika waraka wake juu ya ndoa, alikana kwamba serikali ina haki ya kuwahasi raia wasio na hatia kwa hoja za eujenia. Ujerumani, kwa sheria ya mwaka 1933, iliwahasi watu wapatao 400,000, kisha ikaanza kuwaua wagonjwa wa akili na walemavu, mauaji ambayo Askofu Clemens August von Galen aliyalaani hadharani huko Münster mwezi Agosti 1941. Hata hivyo Wakristo hawakuwa upande mmoja. Uswidi, nchi yenye kanisa la taifa na ambayo wamisionari wake Wapentekoste walihubiri mashariki mwa Kongo, ilikuwa na sheria ya kuhasi tangu 1934 hadi miaka ya 1970, na watu wapatao 63,000 walihasiwa, wengi wao wanawake.

Ziwa Tanganyika lenyewe lina shahidi wake. Adrien Atiman, mtoto wa eneo la mto Niger aliyetekwa na kuuzwa, alikombolewa na wamisionari Wakatoliki waitwao Mapadri Weupe, akasomea udaktari Malta, akafika Karema, kando ya ziwa hilo, mwaka 1889, na kuwatibu watu wa huko hadi alipofariki mwaka 1956. Aliyewahi kutajiwa bei sokoni aligeuka tabibu. Lakini hoja ya Kikristo haisimami juu ya mafanikio yake, kwa kuwa kama asingejifunza hata herufi moja, uovu wa kumuuza ungebaki ule ule. Vivyo hivyo katika hospitali ya Lemera, kwenye milima iliyo juu ya bonde la Ruzizi, Denis Mukwege, mwana wa mchungaji wa Kipentekoste, alianza kazi mwaka 1983, na kuwaona wanawake wakifa kwa matatizo ya uzazi ndiko kulikompeleka Ufaransa kusomea magonjwa ya wanawake. Hakuuliza kwanza kama mgonjwa amesoma.

Kwa hiyo kutetea thamani ya kila uhai si sawa na kusema idadi ya watoto haina uzito. Kanisa Katoliki, kwa waraka wa mwaka 1968, linakubali wazazi wapange uzazi kwa kufuata siku za mzunguko wa mwanamke, huku makanisa mengi ya Kiprotestanti yakiruhusu njia nyinginezo. Tofauti hiyo ni ya kweli, ila misimamo yote miwili huanzia kwa mama na mtoto, si kwa ubora wa ukoo. Anayetaka kizazi kijacho cha Uvira kiwe na akili zaidi hana haja ya kuchagua nani azae na nani asizae. Kazi iliyo mbele yake ni kuhakikisha kwamba chumvi ya jikoni ina iodini, muhogo unalowekwa ipasavyo, mama ana mkunga na nafasi ya kupumzika kati ya mimba, na mtoto wa kike anamaliza shule.