Baada ya Rosa Mistika, Usome Kipi?

Ukimuuliza mtu aliyepita sekondari hapa nchini kama amewahi kumsoma Euphrase Kezilahabi, mara nyingi atakujibu ndiyo, tena kwa bashasha, na papo hapo atakutajia Rosa Mistika. Sasa muulize kitabu cha pili. Hapo ndipo watu wanapoanza kukuna vichwa. Wapo watakaokwambia kuwa walijaribu Nagona, wakafika ukurasa wa kumi hivi, wakakirudisha kabatini wakidhani ama mwandishi amebadilika ama wao wenyewe wamepungukiwa akili. Hilo la pili si kweli hata kidogo, na hilo la kwanza ni kweli nusu tu. Ndiyo maana juma hili nimeona nilizungumzie.

Msomaji akimaliza riwaya iliyomkosesha usingizi, kesho yake hutaka nyingine "kama ile". Huenda dukani akaomba kitabu chochote chenye jina la mtunzi yule kwenye jalada, akakuta mambo mengine kabisa, akasusa. Lakini mtunzi mwenye kipaji haandiki kitabu kilekile mara mbili. Anachokibeba kutoka kitabu hadi kitabu ni swali lililomkaa rohoni. Msomaji akilitambua swali hilo, vitabu vingine humfungukia vyenyewe.

Je, swali la Kezilahabi ni lipi? Turudi kwenye Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971. Wengi husema ni hadithi ya msichana aliyeharibika. Mimi naisoma kama hadithi ya mzazi. Zakaria, mlevi asiyejali nyumba yake, anamchunga binti yake kwa fimbo. Rosa anakua akijua kuogopa tu. Siku anapofika mbali na fimbo hiyo hana kitu ndani mwake cha kumwongoza, na yanayompata huko yanajulikana. Kitabu kilipigwa marufuku shuleni kwa muda kwa kuwa kilisema waziwazi mambo ambayo wakubwa walipenda yasemwe kwa minong'ono, halafu baadaye shule hizo hizo zikakisomesha. Lakini chini ya vurugu hiyo yote kuna swali: mtu aishi vipi pale wale waliopaswa kumwonyesha njia wanaposhindwa?

Lichukue swali hilo, kisha fungua Kichwamaji, riwaya ya mwaka 1974. Hapa hakuna tena binti wa shule. Yupo Kazimoto, kijana wa chuo kikuu aliyerudi kwao Ukerewe, kisiwa ambacho Kezilahabi mwenyewe alizaliwa mwaka 1944. Kama Rosa aliangushwa na mzazi, Kazimoto ameangushwa na elimu. Imemtenga na baba yake na mama yake, imemwondolea imani ya wazee na ya kanisa pia, halafu haikumpa kitu cha kuziba pengo. Anacheka sana kijana huyu, na kicheko chake kinatisha. Sitasema mwisho wake, maana wapo ambao hawajakisoma na nawaonea wivu. Kwa maoni yangu hiki ndicho kitabu bora kuliko vyote alivyoandika, na ndicho kinachopaswa kufuata mara moja baada ya Rosa Mistika, wakati moyo bado una moto.

Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979) zinalipeleka swali lile kwa serikali. Katika ile ya kwanza, Tumaini anatapanya mali, baadaye anajirudi na kuwa mkulima tajiri, kisha siasa ya Ujamaa inamkuta shambani. Gamba la Nyoka inahusu kuhamishiwa watu kwenye vijiji vya Ujamaa katika miaka ya 1970. Sisemi kwamba zote mbili zimefanikiwa sawa. Naona mwisho wa Dunia Uwanja wa Fujo una haraka, kama basi lililochelewa. Gamba la Nyoka ina subira zaidi, na aliyewahi kusikia wazee wakisimulia habari za operesheni ile atazitambua sauti.

Sasa twende kwenye ukuta ambao wengi wamegonga vichwa, yaani Nagona ya mwaka 1990 na Mzingile ya mwaka 1991. Ni vitabu vyembamba, hakuna kinachofika kurasa 100, na wembamba huo ndio unaowadanganya watu. Ukitoka Rosa Mistika ukarukia huko, umeruka miaka karibu 20 ya maisha ya mtu. Katika miaka hiyo Kezilahabi alikwenda Marekani, na mwaka 1985 akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin kule Madison kwa tasnifu iliyohusu falsafa ya Kiafrika na namna ya kufasiri fasihi. Aliporudi kwenye riwaya, swali lake lilikuwa limekwenda mbali. Mzazi, shule na serikali vimeshindwa. Je, fikra zenyewe, dini na falsafa zote tulizorithi na kuazima, nazo zikishindwa, kinabaki nini?

Kwa hiyo kuna daraja la kupitia, nalo ni mashairi yake. Kichomi ilitoka mwaka 1974, mwaka mmoja na Kichwamaji, na ilizusha ugomvi mkubwa kwa sababu haikufuata vina na mizani. Wapo waliosema hayo si mashairi. Soma Kichomi, kisha Karibu Ndani ya mwaka 1988, na utazoea namna anavyofikiri kwa picha badala ya visa. Ukifika Nagona usiulize, "Halafu ikawaje?" Isome kwa sauti, kwa kikao kimoja ikiwezekana, kama unavyosikiliza ngano ya bibi ambayo fumbo lake huligundui usiku uleule.

Ipo njia nyingine ambayo wasomaji wengi hawaifikirii. Mwandishi unayempenda naye ni msomaji. Kezilahabi aliandika tasnifu yake ya uzamili, mwaka 1976, juu ya riwaya za Shaaban Robert. Baada ya kumsoma Kezilahabi, rudi kwenye Kusadikika uliyolazimishwa kuisoma shuleni, na huenda ukaona safari zake za ajabu kwa jicho jipya.

Utasema, "Vizuri, lakini vitabu vyenyewe viko wapi?" Una haki. Rosa Mistika ilichapwa kwanza na East African Literature Bureau, shirika la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, na shirika lile halikubaki lilivyokuwa. Baadhi ya vitabu hivi vilikuja kuchapwa upya Nairobi, lakini katika maduka ya kwetu huonekana kama mvua ya kiangazi. Mchapishaji hachapi kisichoulizwa, na muuza duka haagizi alichosikia kikitajwa mara moja kwa mwaka. Basi uliza, tena kwa jina kamili la kitabu, usiseme "kitabu cha Kezilahabi", maana utaletewa Rosa Mistika nyingine. Anza na Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam, kisha wauzaji wa vitabu vilivyotumika wanaotandika vibarazani. Hao wa vibarazani wana kumbukumbu kuliko watu wanavyodhani. Waachie orodha na urudi baada ya wiki mbili.

Kezilahabi alifariki dunia Januari 2020, kwa hiyo hatutapata kingine kutoka mkononi mwake. Ukibahatika kukipata Kichwamaji, kivishe jalada la karatasi ya kaki na uandike jina lako ndani kabla hujamwazima mtu.